Gary Hocking

Gary Hocking (30 Septemba 1937 – 21 Desemba 1962) alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za barabarani. Alizaliwa Wales, akakulia Bulawayo, Rhodesia ya Kusini (leo Zimbabwe). Mwaka 1959 alishinda mbio za Sweden na Ulster akiendesha MZ ya Ujerumani Mashariki. Ndipo kampuni ya Italia, MV Agusta, ikamchukua. Mwaka 1961 alitwaa mataji mawili kwa mpigo, la sisi 350 (cc, ujazo wa injini) na la sisi 500.

Uwanja uliompima hasa ni Kisiwa cha Man. Mzunguko mmoja una kilomita 60 hivi, karibu sawa na kutoka Mjini Unguja hadi Chwaka na kurudi, tena kwenye barabara za kawaida zilizofungwa kwa muda. Kuta za mawe na nyumba za watu ziko pembeni kabisa. Anayeteleza hana pa kuangukia. Waendeshaji huachiwa kwa zamu na kushindana na saa.

Hapo ndipo rafiki yake, Mwaustralia Tom Phillis, alipofariki Juni 1962 katika mbio za sisi 350. Siku chache baadaye Hocking alishinda mbio kubwa za sisi 500, kisha akaachana na pikipiki moja kwa moja. Kwa maoni yetu, uamuzi huo ulihitaji ujasiri kuliko ushindi wenyewe, maana alikuwa kileleni. Akageukia mbio za magari, na Desemba hiyohiyo akafa mazoezini karibu na Durban, akiwa na miaka 25.

Baada ya Hocking kuondoka, mwenzake wa Rhodesia, Jim Redman, alitwaa mataji sita akiwa na Honda kati ya 1962 na 1965.