Barua Isiyoaminika: Maofisa wa Mkoa wa Ikweta kati ya Uasi na Uvamizi, 1885–1891

Utawala wa Misri nchini Sudan uliporomoka kabla mkoa wake wa kusini kabisa haujapata habari. Waingereza waliikalia Misri mwaka 1882. Januari 1885 Khartoum ikatekwa na jeshi la Mahdi. Mkoa wa Ikweta, uliofika hadi Ziwa Albert katika Uganda ya leo, ukabaki bila mishahara na bila meli kutoka Khartoum. Lupton, gavana wa mkoa jirani wa Bahr el-Ghazal, alikwisha kusalimu amri mwaka 1884. Emin Pasha alihamia Wadelai, akasubiri. Mwaka 1886 akapata barua ya Nubar Pasha, waziri mkuu wa Misri: serikali inaiacha Sudan, naye atende aonavyo.

Masimulizi mengi humfuata Emin na mwokozi wake Stanley, aliyefika mwaka 1888. Walio na uzito zaidi ni maofisa wa chini. Jephson, msaidizi wa Stanley, alipowasomea askari barua ya Khedive Tewfik, wengi waliiona ya kughushi. Hoja yao ilikuwa kwamba njia ya kwenda Misri hupitia Khartoum. Vipi waelekezwe kusini? Wameitwa wajinga, lakini kwa waliyoyajua, shaka yao ilikuwa na msingi. Isitoshe, wengi wao walikuwa Wasudani wenye wake, watoto na mashamba mkoani humo. Kuondoka kuliwapa nini?

Agosti 1888 waliasi huko Dufile, wakawafunga Emin na Jephson. Oktoba jeshi la Mahdi likaja chini ya Omar Saleh na kuitwaa Rejaf. Novemba liliposhambulia Dufile, ngome iliokolewa na askari wa kambi ile ile iliyoasi. Waliyemkataa alikuwa gavana; adui alibaki adui.

Emin aliondoka Aprili 1889, akafika Bagamoyo Desemba. Selim Bey aliachwa nyuma. Lugard alipomkuta Kavalli mwaka 1891 na kumtaka atumikie Kampuni ya Waingereza, Selim alishikilia kwamba hawezi kuhudumu chini ya bendera nyingine bila ridhaa ya Khedive, yule yule aliyekwisha kuwaacha. Lugard ilimbidi kukubali sharti hilo ndipo askari wakaja Uganda pamoja na familia zao. Wazao wao wangali wakizungumza Kinubi huko Bombo, kaskazini ya Kampala.