Mguu, Mboga na Chumvi: Historia ya Afya ya Moyo Muheza

Katika vitabu vya afya vya siku hizi, kuulinda moyo huelezwa kuwa ni suala la mazoea: kutembea, kula mboga na matunda, kupunguza chumvi na mafuta, na kuacha tumbaku. Shirika la Afya Duniani limeyawekea baadhi ya mazoea hayo vipimo, yaani chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku na angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki. Hata hivyo, historia ya Muheza, nchi ya Wabondei iliyo kati ya pwani ya Tanga na milima ya Usambara Mashariki, yaonyesha kuwa mambo haya yalikuwa sharti la maisha kabla hayajawa ushauri wa daktari, na kwamba yalipungua kwa sababu njia za kupata riziki zilibadilika, wala si kwa uzembe wa watu.

Kabla ya reli, shamba, kisima, kuni na gulio vilifikiwa kwa miguu, na mzigo ulibebwa kichwani. Miongoni mwa vyakula vya nchi hiyo ni bada, yaani ugali wa muhogo. Muhogo humenywa, hupasuliwa na kuanikwa juani mpaka uwe makopa, kisha hutwangwa kinuni na kuchekechwa ndipo usongwe, hivyo kwamba mlaji, au angalau mpishi wake, huwa amekwisha kuutolea jasho kabla haujafika kinywani. Mboga yake huweza kuwa kisamvu au mchunga, jani chungu linalojiotea mashambani, ambalo hutokoswa na kumwagwa maji ya kwanza ili ukali wake upungue, kisha huungwa kwa tui la nazi. Chumvi na samaki wakavu vilitoka pwani, na kitu kilichopandishwa bara kwa kichwa cha mchukuzi hakikuwa cha kumwaga ovyo chunguni.

Haifai, hata hivyo, kuyafanya maisha hayo kuwa pepo iliyopotea. Nchi hiyo ya joto na mvua ilikuwa na malaria nyingi, kiasi kwamba katika karne ya 20 Muheza na Amani zikawa vituo mashuhuri vya utafiti wa ugonjwa huo. Watoto wengi hawakufikia umri wa kusumbuliwa na mishipa ya moyo, na waliofikia walilindwa na kazi pamoja na uhaba, si na elimu ya lishe.

Mabadiliko makubwa yalianza mwaka 1893. Mwaka huo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, ambayo ilifika Muheza mwaka 1896, na mwaka huohuo wa 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ambayo ni 62 tu iliyonusurika safarini. Mashamba yaliyotokana na miche hiyo yalivuta vibarua kutoka mbali, walioitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba. Mkata mkonge hakukosa mazoezi, kwani kazi yake ya kukata majani yenye miiba na kuyafunga matita ilimaliza nguvu za siku nzima. Kilichobadilika kwanza kilikuwa chungu chake: badala ya mboga za shambani alipewa posho, yaani mgao wa chakula wenye unga wa mahindi kama kiini chake, ambao ulipimwa kwa kusudi la kumwezesha kufanya kazi. Chakula kikaanza kutoka stoo, na mlaji akapoteza uamuzi juu yake.

Uzito wa uhamaji wa namna hiyo ulikuja kuonekana nchi jirani ya Kenya kwa kipimo cha shinikizo la damu, yaani nguvu ambayo damu husukuma nayo kuta za mishipa, ambayo watu huiita presha. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alichapisha vipimo vya wanaume 1,000 wa magharibi mwa Kenya, akaonyesha kuwa presha yao haikupanda uzeeni kama ya Wazungu. Mwaka 1990 mtafiti Neil Poulter na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, wakaonyesha kuwa presha ilipanda mapema baada ya kuhama, na kwamba mkojo wa wahamaji ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi, ambayo ndiyo kiini cha chumvi. Ukoo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni mahali na mlo.

Mkonge wa Tanzania ulipofifia baada ya mashamba mengi kutaifishwa mwaka 1967 na bei kuanguka katika soko la dunia, Muheza ilizidi kujulikana kwa machungwa. Mchuuzi humenya chungwa kwa kisu, ganda likishuka kama utepe, kisha hulikata kichwa, na mnunuzi hufyonza maji yake na kutupa makapi, ingawa humo ndimo zilimo nyuzinyuzi ambazo husaidia kupunguza lehemu, yaani mafuta yanayoweza kuziba mishipa. Mkulima wa chungwa hilo siku hizi huenda shambani kwa bodaboda na kununua mafuta ya kupikia dukani, jambo ambalo limempunguzia adha nyingi za babu yake. Safari ya mguu, ambayo babu huyo hakuwa na hiari ya kuikwepa, sasa mjukuu hana budi kuitengea wakati.