Simu nyingi, mwanzo mmoja: kwa nini simu za kujaribia programu huflashiwa upya

Tulipokuwa tukiandaa programu ya simu ya kusikilizia matangazo ya kituo chetu, tulikuwa na simu sita za majaribio mezani. Tano zilicheza vizuri. Ya sita iliganda kila baada ya dakika chache. Kwa siku mbili fundi wetu alikesha akitafuta kosa katika programu, na kosa hakuliona. Baadaye tukagundua kwamba simu ile iliazimwa mwishoni mwa wiki: ilipakiwa michezo na video, na nafasi iliyobaki ilikuwa kiduchu. Programu haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa simu yenyewe.

Hilo ndilo jambo ambalo kampuni kubwa zenye mamia ya simu za majaribio hupambana nalo kila siku. Jibu la jaribio lina thamani tu iwapo unajua simu iliyolitoa ilikuwa katika hali gani. Dawa yake ni kuzirudisha simu zote kwenye hali moja ya mwanzo, mara kwa mara na kwa utaratibu. Makala haya yanaeleza kazi hiyo hufanywaje, huharibikia wapi, na kwa nini inamhusu hata mtu asiyewahi kuandika mstari mmoja wa programu.

Kureseti si kuflashi

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Ukireseti simu kupitia menyu yake, unaondoa picha, ujumbe, akaunti na programu ulizoweka. Hurudishi mfumo endeshi wa zamani. Simu iliyotoka kiwandani ikiwa na Android 11, kisha ikapokea Android 12, itabaki na Android 12 hata ukiireseti mara kumi.

Kuflashi, kama mafundi wa simu wanavyoita, ni kuuandika upya mfumo wenyewe. Hifadhi ya simu ya Android imegawanywa vyumba. Kimoja kina butiloda, programu ndogo inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe cha kuwasha na kuuita mfumo uamke. Kingine kina kiini cha mfumo, kingine mfumo wenyewe, kingine viendeshi vya vifaa kama kamera, na kingine vitu vya mtumiaji. Faili lenye nakala kamili ya vyumba vya mfumo huitwa taswira ya mfumo. Kuflashi ni kuichukua taswira hiyo kutoka kwenye kompyuta na kuiandika juu ya kilichokuwamo.

Zana zinazotumika ni za kawaida na hazilipiwi. Ya kwanza ni adb, inayozungumza na simu iliyokwisha kuwaka. Ya pili ni fastboot, inayozungumza na butiloda kabla mfumo haujaamka. Google huweka hadharani taswira za simu zake za Nexus na Pixel, na ndiyo sababu mojawapo simu hizo zinapendwa katika maabara za majaribio.

Kutoka simu moja hadi elfu mbili

Kwa simu moja, kazi hii ni ya dakika chache na waya wa USB. Ugumu huanza zinapokuwa nyingi.

Mfano unaojulikana ni wa Facebook, ambayo siku hizi inaitwa Meta. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilieleza hadharani maabara yake ya simu iliyo katika kituo chake cha data huko Prineville, jimbo la Oregon, Marekani. Ilikuwa na makabati yapatayo 60, kila moja likiwa na simu 32, jumla karibu simu 2,000. Kila kabati lilijengwa kuzuia mawimbi ya redio, ili Wi-Fi ya kabati moja isivuruge ya jingine. Kompyuta ndani ya kabati ziliziongoza simu, na kamera iliwawezesha wahandisi walio mbali kuona vioo vyake.

Lengo lilikuwa kukamata mapema badiliko linaloifanya programu iwe nzito, ile data au imalize betri. Mabadiliko kama hayo huwa madogo sana. Ikiwa simu moja ina toleo tofauti la mfumo, au inajisasishia programu kimyakimya wakati wa jaribio, tofauti hiyo peke yake inaweza kuzidi ile unayoitafuta. Ndiyo maana usawa wa simu hulindwa kama mizani ya dukani.

Hata hesabu ya intaneti ina uzito wake. Tuseme taswira moja ina GB 3 na mtandao wako unapakua megabiti 10 kwa sekunde. Simu moja itachukua kama dakika 40. Simu 32 zikipakua kila moja kivyake, kwa jumla ni zaidi ya saa 21. Kwa hiyo taswira hupakuliwa mara moja, ikahifadhiwa kwenye kompyuta ya maabara, na kutoka hapo ikagawiwa kwa waya.

Hatua za kazi

Maabara hutofautiana, lakini mpangilio wa kazi hufanana.

Kwanza, simu hutolewa kwenye foleni ya majaribio. Jaribio linaloendelea huachwa liishe, na kumbukumbu za hitilafu hunakiliwa, kwa sababu baada ya hapo hazitapatikana tena.

Pili, betri hukaguliwa. Simu ikizimika katikati ya kuandikwa butiloda inaweza isiwake tena. Wengi hawaanzi kabla chaji haijafika nusu.

Tatu, faili la taswira huhakikiwa. Google huchapisha pamoja na kila taswira msururu wa herufi na tarakimu uitwao SHA-256, ambao ni kama alama ya kidole ya faili. Ikiwa alama ya faili lako hailingani na iliyochapishwa, faili limeharibika au limechezewa. Lisitumike.

Nne, simu huwashwa upya hadi kwenye butiloda, kisha taswira huandikwa. Hapa kuna sharti: kufuli ya butiloda iwe imefunguliwa. Kuifungua hufuta kila kitu cha mtumiaji, kwa makusudi, ili mwizi asiweze kuingilia njia hiyo kusoma vitu vyako.

Tano, simu huandaliwa: Wi-Fi, saa za eneo, lugha, mwanga wa kioo, na kuzima masasisho ya kujiendesha. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayokula muda wa watu. Simu ya kawaida ikishafutwa huizima ruhusa ya kuongozwa na kompyuta, na lazima mtu aiguse kwa kidole ili airuhusu tena. Kwa simu mia, hizo ni safari mia. Maabara nyingi hukwepa kero hiyo kwa kutumia toleo la mfumo lililotengenezwa kwa ajili ya wasanidi, ambalo ruhusa hiyo iko wazi tangu mwanzo. Gharama yake ni kwamba toleo hilo si lile hasa alilonalo mteja.

Sita, simu huulizwa: una toleo gani? Jibu hulinganishwa na orodha. Likilingana, simu hufanya jaribio dogo na kurudi kwenye foleni. Lisipolingana, hujaribiwa tena. Ikishindwa mara ya pili hutengwa, binadamu aje aiangalie.

Na jambo moja la busara: hakuna anayeflashi simu zote kwa mpigo. Huanza mbili au tatu, zikaachwa zifanye kazi siku nzima, ndipo wengine wafuate. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Taswira ya zamani haitupwi mpaka mpya ithibitike.

Panapoharibika

Waya na umeme ndivyo watuhumiwa wa kwanza. Simu nyingi zikiunganishwa kwenye kigawanyi kimoja cha USB kisicho na umeme wake, zote hupata chaji hafifu na baadhi hupotea katikati ya kazi. Waya uliochoka huweza kuchaji vizuri lakini ukashindwa kupitisha data.

Kikwazo cha pili ni kurudi nyuma. Wajaribu huhitaji mifumo ya zamani, kwa kuwa wateja wengi bado wanayo. Lakini watengenezaji huzuia kurudi kwenye mifumo yenye mianya ya usalama. Agosti 2022, simu za Pixel 6, 6 Pro na 6a zilizopokea Android 13 hazikuweza kurudishwa Android 12, kwa sababu butiloda mpya iliikataa ile ya zamani. Kwa iPhone hali ni ngumu zaidi. Kila unapoandika upya mfumo wake, seva za Apple lazima ziidhinishe toleo hilo, na matoleo ya zamani huacha kuidhinishwa muda mfupi baada ya mapya kutoka. Maabara yenye iPhone iliyobaki na mfumo wa zamani huitunza kama mbegu ya mwisho ghalani.

Cha tatu ni akaunti. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu nyingi zikifutwa huku akaunti ya Google ikiwa bado imo, hudai nenosiri la akaunti ileile kabla ya kufunguka. Ni kinga dhidi ya wezi, lakini humfungia nje pia mjaribu aliyesahau kuiondoa.

Cha nne ni IMEI, namba ya utambulisho ya simu. Taswira isiyo ya aina hiyo ya simu ikiandikwa mahali pasipo pake, namba hiyo inaweza kupotea, na simu ikakosa mtandao. Watanzania wanaijua uzito wake: usiku wa Juni 16, 2016, simu zenye IMEI bandia zilizimwa nchini kote. Kabla na baada ya kuflashi, bonyeza *#06# na ulinganishe namba.

Mwisho ni betri. Simu inayochajiwa saa 24 kwa miezi huvimba betri na inaweza kushika moto. Anayesimamia simu nyingi huzikagua migongo yake kwa macho na kwa mkono, na iliyovimba huiondoa siku hiyohiyo.

Simu zisizo na taswira

Sasa tuje kwenye linalotugusa zaidi. Kampuni nyingi zinazotengeneza simu za bei nafuu haziweki taswira zake rasmi hadharani. Faili zinazozunguka kwa mafundi mara nyingi hazina alama ya kuhakiki, na hujui nani amezigusa njiani. Mwenye maabara makini huziogopa.

Matokeo yake ni kwamba simu iliyo rahisi kurudishwa mwanzo ndiyo inayojaribiwa zaidi, na simu iliyo ngumu huwekwa pembeni. Lakini iliyo ngumu ndiyo iliyo mfukoni mwa mama muuza mboga: RAM ya GB 1 au 2, nafasi imejaa, mtandao wa kubahatisha. Programu ya kutuma pesa ikiganda kwenye simu hiyo baada ya kubonyeza tuma, yeye hajui kama pesa imekwenda au haijakwenda.

Kukosa taswira si sababu ya kuiacha simu hiyo. Unaweza kuireseti kabla ya kila mzunguko wa majaribio, kuzima masasisho, kuandika namba ya toleo la mfumo kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni, na kupima nafasi iliyobaki kabla ya kuanza. Hutapata usawa kamili, lakini utajua simu yako ilikuwa katika hali gani.

Usafi wa kifaa ni siri ya mtu

Kuna sababu nyingine ya kufuta, nje ya majaribio. Kifaa kinachopita mikono mingi hubeba vitu vya watu. Katika Sensa ya mwaka 2022 Tanzania ilitumia vishikwambi, na baadaye mwaka huohuo vikaanza kugawiwa kwa walimu. Kifaa kinapobadilisha kazi namna hiyo, mwenye kukikabidhi anawajibika kuhakikisha kwamba hakuna jina, picha wala nenosiri la mtu linalosafiri nacho.

Habari njema ni kwamba simu nyingi za sasa huhifadhi vitu vyako kwa siri yenye ufunguo, na kifaa kikifutwa ipasavyo ufunguo huo huharibiwa, hivyo kilichobaki hakisomeki. Kadi ya kumbukumbu ni jambo jingine: itoe mwenyewe. Na laini ya simu pia.

Sisi hapa kituoni bado tuna simu zetu sita. Kila moja ina namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na daftari linaloonyesha ilifutwa lini, ina toleo gani na nani aliishika mwisho. Haziazimwi tena. Simu ya sita, ile iliyotunyima usingizi, sasa ndiyo tunayoianza kila tukijaribu toleo jipya, kwa sababu ndiyo yenye RAM ndogo kuliko zote. Ikiganda leo, tunajua pa kutafuta.