Kereng'ende wa Amani: Jina Lililotulia, Familia Iliyohama

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya mdudu mmoja wa milima ya Usambara Mashariki, nchini Tanzania, ambaye wataalamu humwita Amanipodagrion gilliesi. Huenda msomaji akauliza mdudu ana kazi gani katika jarida la lugha. Wapo wanaodai kwamba Kiswahili ni maskini kwa kuwa neno moja, kereng'ende, hubeba wadudu wanene na wembamba kwa pamoja (tena ndilo jina la ndege wa jamii ya kwale), ilhali Kiingereza huwatenga kwa majina mawili. Madai hayo yafaa kupimwa kwa historia.

Mwaka 1758 Linnaeus aliwaweka kereng'ende wote, wanene kwa wembamba, katika jenasi moja tu, Libellula. Mwanafunzi wake, Fabricius, ndiye aliyewagawa katika jenasi tatu mwaka 1775. Lakini mwaka 1793 huyo huyo aliwakusanya tena chini ya jina Odonata, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya jino. Mipaka ya Odonata ndiyo mipaka ya neno letu kereng'ende. Kinachoitwa umaskini, basi, ni uainishaji ambao sayansi yenyewe imeukubali.

Sasa twende Amani. Wajerumani waliasisi kituo cha utafiti huko mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikawa mikononi mwa Waingereza, na kufikia miaka ya 1950 utafiti wa malaria ulikuwa umeshika nafasi kubwa. Miongoni mwa watafiti wake alikuwamo Mick Gillies, bingwa wa mbu. Naye Elliot Pinhey, aliyepata kufanya kazi katika Makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi kabla ya kuhamia Bulawayo, alichapisha mwaka 1961 kitabu juu ya kereng'ende wa Afrika ya Mashariki. Mwaka uliofuata alimweleza mdudu wetu kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa hakuingia katika jenasi yoyote iliyojulikana, alimwundia yake.

Tulichambue jina lenyewe. Amani ni mahali, na ni neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili analielewa. Pod- ni mguu kwa Kiyunani. Agrion ni jina alilolitunga Fabricius mwaka 1775 kwa kereng'ende wembamba. Irabu -i iliyo mwishoni mwa gilliesi ni alama ya Kilatini ya umilikaji, ambayo hufanya kazi ya -a unganifu yetu: wa Gillies. Jina zima, kwa hiyo, latutajia mahali na mgeni, wala halisemi kitu ambacho mtu aliyesimama kando ya kijito angekiona mara moja.

Pinhey alimtia katika familia ya Megapodagrionidae, na humo akakaa kwa nusu karne. Kumbe familia hiyo ilikuwa kama ghala la vitu visivyo na mahali pengine! Mwaka 2014, baada ya jeni kulinganishwa, ilivunjwa, na mdudu wa Amani akaachwa bila familia yoyote. Mwaka 2021 alipewa yake, Amanipodagrionidae, yenye jenasi moja na spishi moja tu. Katika safari hiyo yote jina la mwaka 1962 halikubadilika hata herufi.

Mtunga kamusi hana budi kuliangalia jambo hili kwa makini. Akiharakisha kubuni neno jipya kwa kila familia, atajikuta akilifuta kila wataalamu wanapobadili rai. Ni bora kereng'ende libaki kwa wote, na pale panapohitajika tofauti tuseme kereng'ende mwembamba, au kereng'ende wa Amani, kwa kanuni ya sarufi tuliyo nayo tayari.

Kereng'ende huyo anajulikana katika vijito vichache vya misitu ya Amani na Sigi tu. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ametiwa katika daraja la walio ukingoni mwa kutoweka, na akitoweka ataondoka na spishi, jenasi na familia kwa pamoja.