Muhuri wa wakati hugongwa mlangoni mwa kompyuta

Njia kuu za umeme ziunganishazo Mombasa na Nairobi hupita katika nyika ya Voi, upande wa milima ya Ndara. Radi ikipiga waya, mshtuko hukimbia kuelekea pande zote mbili kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, yaani kilomita 300 hivi kwa kila sehemu ya elfu ya sekunde. Vituo vya ncha mbili vikinakili wakati mshtuko ulipowasili, yawezekana kukokotoa mahali penye hitilafu. Saa za vituo hivyo zikipishana kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, hesabu hukosea kwa kilomita 150, na fundi anayehitajika Voi hujikuta Mombasa. Zikipishana kwa sehemu ya milioni, kosa ni mita 150, umbali wa kutafuta kwa macho, ndovu wa Tsavo wakiruhusu.

Kompyuta hulinganisha saa zao kwa kupelekeana pakiti za data. Utaratibu ulioenea zaidi, NTP, ulibuniwa na David Mills wa Marekani mwaka 1985. Kompyuta hutuma swali kwa saa kuu, hupokea jibu, kisha hutumia nyakati nne, za kutuma na kupokea kwa kila upande, kujua imechelewa kwa kiasi gani.

Shida ni mahali muhuri wa wakati unapogongwa. Tuchukue mfano wa stesheni ya Voi. Karani akiandika saa garimoshi linapovuka lango la stesheni, daftari ni sahihi. Akiwahudumia abiria kwanza, ataandika saa aliyopata nafasi. Mfumo wa uendeshaji wa kompyuta ni karani wa namna hiyo. Pakiti hufika, husubiri foleni, na prosesa huenda ina kazi nyingine. Ucheleweshaji huo hubadilika kila mara, kwa hiyo haupunguziki kwa hesabu rahisi.

Dawa yake ni kuipa kadi ya mtandao saa yake yenyewe, igonge muhuri pakiti inapoingia au kutoka kwenye waya. Kanuni ya IEEE 1588, iliyotolewa mwaka 2002, hutegemea sana mbinu hiyo, na katika mtandao ulioandaliwa vyema usahihi huwa chini ya sehemu ya milioni ya sekunde. Linux ilianza kuzipa programu njia ya kawaida ya kuisoma mihuri hiyo katika toleo 2.6.30 la mwaka 2009, toleo 3.0 la mwaka 2011 likaifanya saa ya kadi iweze kurekebishwa kama saa nyingine yoyote. Hata hivyo saa ya kadi na saa ya mfumo ni mbili tofauti, na fundi asipoziunganisha, programu zake zitaendelea kusoma ile mbovu.

Wala kadi nzuri haiponyi kila kitu. Hesabu hudhani kwamba safari ya kwenda na ya kurudi ni sawa. Katika nyaya za kioo, mwanga hutumia sehemu tano za milioni ya sekunde kwa kila kilomita. Jibu likirudi kwa njia iliyo ndefu kwa kilomita 40 zaidi, saa hukosea kwa sehemu 100 za milioni, na mihuri yote itaonekana safi. Katika mfano wetu wa umeme, hizo ni kilomita 15 za nyika. Kwa sababu hiyo vituo vingi huweka juu ya paa kipokezi cha setilaiti za GPS, ili wakati usilazimike kusafiri mbali kwa waya.