Mkono Uliobaki

Bibi yangu hatembei bila mkongojo. Masika iliyopita alishuka daladala, mkongojo kulia, kikapu kushoto, akafika nyumbani amelowa chapachapa. Nikamuuliza kwa nini hakubeba mwavuli.

"Ningeushika kwa meno?"

Shida hiyohiyo alikuwa nayo Mjerumani Hans Haupt, takriban miaka mia iliyopita. Jeraha la Vita Kuu ya Kwanza lilimlazimu kutembea na fimbo, na miavuli ya wakati ule ilikuwa mirefu kama fimbo yenyewe. Akabuni mwavuli ambao mpini wake ni bomba linaloingia ndani ya bomba, na mbavu zake zinajikunja, mpaka ukaenea mfukoni. Hataza ni ya mwaka 1928. Sokoni uliitwa Knirps, yaani kijitu kifupi, na Wajerumani wakalizoea jina hilo hadi wakauitia mwavuli wowote wa kukunja.

Hakuwa wa kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 18 Jean Marius wa Paris alikuwa na wake wa kukunja. Lakini historia ya mwavuli hupenda kuanzia kwa wafalme, hata huku kwetu: mwaka 1498, Wareno wa Vasco da Gama walimkuta mfalme wa Malindi ameketi chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu uliofungwa kwenye mti. Ule ulikuwa wa jua na wa heshima (neno lenyewe, mwavuli, limebeba uvuli, si mvua). Mfalme hakuhitaji kuhesabu mikono yake. Mimi napenda zaidi historia ya anayelazimika kuihesabu.

Ufupi nao una gharama. Mwaka 1852 Mwingereza Samuel Fox alitengeneza mbavu za chuma zenye umbo la mfereji, kama herufi U. Nyepesi, lakini hazipindi ovyo. Ukizikata ili zikunjwe, unaongeza viungo, na upepo hutafuta viungo. Fundi wa miavuli mtaani kwetu anasema kitambaa huletewa mara chache. Kazi yake ni kufunga waya palipokatika.

Nilimnunulia Bibi mfupi, wenye mbavu nene, unaofunguka kwa kitufe. Kikapu sasa anakitundika kiwikoni. Kuufunga ndiyo bado kunataka mikono miwili, kwa hiyo akifika mlangoni husimama chini ya mwavuli wake, ananiita.