Piya Ka Ghar: Maarusi Waliotandikiwa Jikoni

Piya Ka Ghar, yaani nyumba ya mume, ni picha ya Kihindi iliyotoka mwaka 1972. Mwongozaji ni Basu Chatterjee, kampuni ni Rajshri, na kisa kimetolewa katika picha ya Kimarathi, Mumbaicha Jawai, ya 1970. Stelingi wake ni Anil Dhawan na Jaya Bhaduri, ambaye mwaka uliofuata aliolewa na Amitabh Bachchan. Muziki ni wa Laxmikant-Pyarelal. Wimbo wake Yeh Jeevan Hai, alioimba Kishore Kumar, hata asiyeijua picha huenda anaujua.

Hamna jambazi wala ngumi. Malti, binti aliyelelewa kijijini kwenye nyumba pana, anaolewa na Ram wa Bombay, ambayo leo ni Mumbai. Kufika, anakuta wakwe na mashemeji wote wamebanana kwenye vyumba vya kupanga, na majirani ukuta kwa ukuta. Maarusi wanatandikiwa jikoni. Kila wakitaka kusemezana, mtu yuko mlangoni. Mavyaa si mbaya, na hilo ni nadra kwenye picha za Kihindi! Hakuna mwenye makosa. Nafasi tu ndiyo haipo.

Mtu wa Golbanti hahitaji kufafanuliwa. Mto Tana ulipofurika 2018, na tena mwisho wa 2023, familia za huku delta zilihamia penye mwinuko, kwenye mahema na vibanda vya turubali. Wazazi, watoto na mwana aliyeoa juzi wanalala pamoja. Fungate gani hiyo? Unga huhesabiwa, magodoro huhesabiwa, lakini sitara ya mke na mume sijaiona kwenye orodha ya mtu. Na katika dini yetu makazi yenye sitara ni haki ya mke juu ya mumewe, si anasa wala deko. Biarusi akirudi kwao kwa sababu hiyo, tusikimbilie kusema hana subira.

Malti naye karibu arudi. Mzee wa kwao anakuja, anaiona hali, anataka kumchukua. Wakwe wanaposikia, wanaamua kutawanyika ili maarusi wapate nafasi. Binti analainika kwa mapenzi hayo, anakataa kuondoka. Watazamaji wengi hufuta machozi hapo. Mimi hapo ndipo ninapoachana na mwongozaji kidogo: picha inakwisha, na chumba cha maarusi bado ni lile jiko.